Ufunguo wa Sefu

Baba yangu sikio la kushoto lilikuwa halisikii. Ukitaka maneno yako yamfike, uzungukie upande wa kulia. Sisi watoto tulikua tukijua hivyo, na hata mkekani wakati wa kula kila mmoja alijua pake pa kukaa. Hakuzaliwa hivyo. Ni gobore. Kwetu Umatumbini, kwenye vilima vya nyuma ya Kilwa, ukilima mahindi na mhogo umelima kwa shirika na nguruwe pori, na asiyekesha shambani huvuna mabua. Baba alikesha na gobore lake msimu baada ya msimu, tangu mimi sijazaliwa. Mtu anayeegemeza bunduki bega la kulia, sikio lake la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, na ndilo linaloumia zaidi. Hilo sikuambiwa na mtu kijijini. Nililijua Texas, nikiwa na miaka arobaini, baba keshazikwa.

Alipofariki, gobore lilibaki pale lilipokuwa likikaa siku zote, nyuma ya mlango wa chumbani. Kibali kilikuwa na jina lake peke yake. Mama alikuwa ndani ya eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na siku zote hizo alilala chumba kimoja na silaha ambayo kisheria hakuwa na haki hata ya kuisogeza afagie. Mjomba mmoja alishauri lifukiwe. Jirani akasema kuna mtu Kipatimu atalinunua. Mama aliwakatalia wote wawili. Eda ilipokwisha akalifunga gobore kwa kanga kuukuu, akafuatana na mwenyekiti wa kijiji hadi kituo cha polisi. Alikalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri akiulizwa jambo lile lile: mwenye kibali amekufa lini, na silaha imekaa kwa nani muda wote huu?

"Imekaa kwangu, baba," alijibu.

Jibu la kweli, na ndilo lililomrudisha kituoni kesho yake, na keshokutwa, kama mwizi.

Naanzia huko kwa sababu swali la yule askari ndilo lililonifanya, miaka mingi baadaye na mbali sana na Kilwa, niketi mbele ya wakili nikaandikiwa hati ya kurasa kumi na nane kwa ajili ya bomba moja la chuma lenye urefu wa shubiri moja: sailensa, ile ya kupunguza mlio wa bunduki.

Nina mwaka wa kumi na saba Texas. Natengeneza malori, na uraia nilishachukua. Mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani yupo mzee mmoja mfugaji ambaye malori yake huja kwenye gereji yetu, na malisho yake yamejaa nguruwe. Hawa si nguruwe pori wa kwetu. Ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa waliotoroka zizini, wakachanganyika na nguruwe mwitu walioletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya uwindaji, na Texas peke yake wanakadiriwa kupita milioni mbili. Lakini tabia ni ile ile: usiku mmoja wanatifua konde kama limepitiwa na trekta. Tangu 2019 sheria ya jimbo haidai hata leseni ya uwindaji kwa anayewapiga kwenye ardhi ya mtu kwa idhini ya mwenye ardhi. Nyama yao siili, na mzee anajua dini yangu, huichukua mwenyewe. Kuwapiga nawapiga, kwa roho safi, kama baba.

Ni yeye mzee aliyenishikisha kwa mara ya kwanza bunduki yenye sailensa. Sisi mafundi tukisema sailensa tunamaanisha lile kopo la kwenye eksozi, na kumbe hatukosei sana. Zote mbili kazi yake moja: kuchukua hewa inayotoka kwa nguvu na joto kali, kuipitisha kwenye vyumba vyumba ndani ya bomba, ipoe na ipungue kasi kabla haijatoka nje. Zile riwaya za kijasusi tulizokuwa tunazisoma chini ya dawati, ambamo jambazi anafunga kiwambo kwenye bastola na aliye chumba cha pili hasikii kitu, zilitudanganya. Bunduki ya kuwindia hutoa mlio wa desibeli 160 na zaidi. Desibeli 140 huhesabiwa kuwa kiwango ambacho mlio mmoja tu wa ghafla unaweza kuliumiza sikio lisipone tena. Sailensa nzuri hupunguza kama 20 mpaka 35. Kinachobaki bado ni mlio wa kuamsha mbwa wa shamba la pili. Na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti yenyewe inapasua hewa njia nzima, na hapo sailensa haina la kufanya. Ila nilipiga risasi tatu usiku ule, kisha nikasikia chura. Nilikaa kimya kidogo. Baba, baada ya kufyatua, alikuwa anakaa robo saa anasikia king'ora kichwani peke yake.

Aliyeibuni alikuwa Mmarekani, Hiram Percy Maxim, akapata hataza yake mwaka 1909, na baadaye akatumia maarifa hayo hayo kwenye sailensa za injini. Jina hilo Maxim mtu wa Umatumbini halimpiti hivi hivi. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyetengeneza ule mzinga wa kumimina risasi mwaka 1884, na bunduki za mashine za aina hiyo ndizo Wajerumani walizowaelekezea babu zetu Vita vya Maji Maji vilipoanza kwetu mwaka 1905. Jambo ambalo sikuwahi kusimuliwa ni kwamba yule mzee Maxim, kwa kujaribu bunduki zake miaka yote ile, naye alikufa kiziwi. Sijui kama mtoto alipokuwa anachora lile bomba alikuwa anamfikiria baba yake asiyesikia. Mimi nilimfikiria wangu.

Basi nikataka yangu.

Texas unaweza kuingia dukani saa nne asubuhi ukatoka saa tano na bunduki. Sailensa haiko hivyo. Iko chini ya Sheria ya Silaha ya Taifa ya mwaka 1934, ile iliyotungwa enzi za magenge ya akina Chicago, ikaziweka sailensa kapu moja na bunduki za mashine. Ikataka kila moja iandikwe kwenye daftari la serikali kuu, na kila inapohama mkono kwenda mkono ilipiwe kodi, ambayo hadi mwisho wa 2025 ilikuwa dola 200. Mwaka 1934 hizo zilikuwa hela za kumzuia mtu, zaidi ya dola 4,500 kwa thamani ya leo, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kiwango hakikupandishwa hata senti miaka tisini, kwa hiyo kikaja kuwa kitu ambacho fundi wa malori anaweza kukilipa. Majimbo 42 yanaruhusu raia kumiliki. Manane, California, New York na Illinois yakiwemo, yanakataza kabisa. Wale wetu walioko hapa kwa viza ya masomo au ya kazi wasome mara mbili kabla ya kugusa hata bunduki ya kawaida, maana sheria ya taifa inawakataza isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grinkadi anaruhusiwa.

Mwaka 2017 nilijaza Fomu namba 4, ile ya kuomba kuhamishiwa sailensa, kwa jina langu, nikapiga picha ya mraba kama ya pasipoti, nikachovya vidole kwenye wino, nikatuma nakala kwa sherifu wa kaunti, nikalipa dola 200 na nikangoja. Miezi kumi. Stempu ilipokuja, ni stempu kweli, ya karatasi, kama ya posta, nikaiweka kwenye sefu pamoja na sailensa yenyewe, nikafunga. Nilijiona nimemaliza. Namba za sefu tulizijua wawili, mimi na Mama Rehema, kwa kuwa pasi zetu za kusafiria na hati ya nyumba zimo humo humo.

Sikujua kwamba hapo tayari nimemtega mke wangu.

Sailensa iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja ni ya mtu huyo mmoja. Ukiwa naye pamoja uwanjani, akuazime upige, hakuna tatizo. Lakini akisafiri yeye, na wewe umebaki na uwezo wa kuifikia kitu hiyo na kuitumia upendavyo, sheria inaweza kukuhesabu kuwa unayo, hata kama hujainyanyua. Si lazima ikamatwe mkononi. Na adhabu ya kukutwa na sailensa isiyosajiliwa kwa jina lako inafika miaka kumi jela. Sisemi polisi wanapita nyumba kwa nyumba kukagua nani anajua namba za sefu. Nasema mimi nilikuwa naendesha lori la majaribio wiki nzima Oklahoma, na nyumbani nimemwachia mke wangu kitu ambacho akiulizwa "imekaa kwa nani?" jibu lake la kweli litamponza. Mama yangu mzazi alilijibu swali hilo. Nilipaswa kulijua mapema zaidi.

Aliyenifungua macho ni marehemu. Rafiki yetu mmoja, Mkongomani wa Bukavu, tuliyekuwa tunakwenda naye kwa yule mzee, alifariki ghafla mwaka 2021. Alikuwa na sailensa mbili, zote kwa jina lake. Wosia hakuandika, nani kati yetu anaandika wosia na miaka arobaini na mitano? Wiki ya tatu baada ya mazishi mjane alinipigia simu. Kuna kijana alikuja kuhani, akaona sefu, akamwambia, "Dada, hizo kitu niuzie mimi, nikupe hela ya kusaidia watoto." Alikuwa na nia njema, naamini hivyo. Angezichukua jioni ile, wangekuwa wametenda kosa la jinai wote wawili, mfiwa na mfariji.

Sheria kwa kweli imemwekea mjane mlango. Msimamizi wa mirathi anaruhusiwa kuzishika wakati mirathi inashughulikiwa, na mrithi halali huhamishiwa kwa Fomu namba 5 bila kulipa kodi. Lakini usimamizi wa mirathi unatoka mahakamani, na mahakama inataka karatasi, na karatasi zinataka mtu mwenye nguvu ya kusimama kwenye foleni. Yule dada alikuwa na watoto watatu na zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Mwaka mzima anapita mbele ya sefu kama mama yangu alivyokuwa anapita mbele ya ule mlango.

Ndipo nikaenda kwa wakili kuuliza habari ya amana.

Amana ni kitu cha sheria ya Kiingereza, kongwe. Mtu anatoa mali yake mikononi mwake, anaikabidhi kwa wadhamini waishike na kuitunza kwa faida ya watu aliowataja, wanufaika. Hati ndiyo inayosema nani anashika, nani ananufaika, nani anarithi kazi ya kushika mmoja akifa. Kwa sailensa, maana yake ni kwamba anayeandikwa kwenye daftari la serikali si Fulani bin Fulani, ni amana. Na mdhamini yeyote wa amana hiyo ana haki ya kuishika, awepo mwenzake au asiwepo. Akifa mmoja, amana haijafa. Wale waliobaki wanaendelea kuitunza, na inapofika zamu ya mnufaika kuichukua iwe yake ndipo fomu inajazwa, kwa utaratibu, bila mtu kulala chumba kimoja na kosa.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama Rehema, nikijikwaakwaa na maneno ya yule wakili. Yeye ni mtu wa Unguja, Mjini. Hakuniacha nimalize.

"Si wakfu huo?"

Nikasema si wakfu, ni amana.

"Kwetu zinakaa ofisi moja, Baba Rehema." Na kweli, Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyumba ya bibi yake mkuu iko chini ya wakfu tangu zamani: haiuzwi, hairithiwi, wanaukoo wanakaa, na yuko mtu wa kuisimamia. Alilielewa jambo hili kuliko mimi, na aliuliza swali ambalo wakili hakunipa: "Na ukibadili mawazo?" Hapo ndipo vinapotengana. Wakfu ukishafunga umefunga, mali imetoka kwako kwa ajili ya Mungu. Amana hii yetu ni ya kufutika. Niko hai naweza kuongeza mdhamini, kumwondoa, kuivunja yote. Alifikiri kidogo, akasema basi haina thawabu, lakini ina akili.

Wako watakaokwambia kwamba amana ni ujanja wa kukwepa ukaguzi. Zamani neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na sioni sababu ya kulificha. Hadi 2016, mtu binafsi alipoomba sailensa ilibidi mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lake asaini fomu, na wako masherifu waliokuwa hawasaini kwa mtu yeyote, hata awe nani. Amana haikudaiwa saini hiyo, wala vidole, wala picha. Watu wakakimbilia huko: maombi ya amana na kampuni yalikuwa kama 840 mwaka 2000, yakapita 40,000 mwaka 2012. Tarehe 13 Julai 2016 ATF, shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, likabadili kanuni. Saini ya sherifu ikafutwa kwa wote, siku hizi anapelekewa taarifa tu. Na kila mdhamini mwenye mamlaka juu ya mali ya amana akatakiwa atoe vidole na picha na ajaze fomu yake. Kwa hiyo leo njia ya amana ndiyo ndefu zaidi, si fupi. Anayeichagua sasa anaichagua kwa ajili ya watu wake, na mimi naona ni vizuri ikawa hivyo. Sitaki kushika kitu ambacho mke wangu hawezi kukaguliwa kwa ajili yake.

Vidole vya Mama Rehema vilitutoa jasho. Ni muuguzi msaidizi. Miaka kumi na miwili ya kunawa na dawa kila baada ya mgonjwa imemfuta alama. Kadi ya kwanza ikatoka mabaka meupe, ya pili hivyo hivyo. Binti aliyekuwa anampiga vidole alikuwa mvumilivu sana. Alimpaka losheni, akamwambia ashushe mkono chini damu ijae, kisha akakiviringisha kila kidole taratibu mwenyewe, kutoka ukucha hadi ukucha, kana kwamba anasokota uzi. Kidole gumba cha kulia kilitaka mara tano. Mke wangu akakitazama kwenye kadi, mistari ile myembamba, akasema, "Kumbe bado nipo."

Mambo ya kwenye hati yenyewe ndiyo ningependa mtu wa kwetu ayashike, kwa sababu hati za kupakua bure mtandaoni zimejaa na nyingi ziliandikwa kwa ajili ya nyumba na akaunti za benki. Hati ya namna hiyo itamwagiza mdhamini kwamba mwenye mali akifa, auze vyote haraka na kugawa fedha. Kwa sailensa, kuuza haraka ndiko kosa lenyewe. Hati iseme wazi kwamba hakuna kinachotoka kabla fomu haijaidhinishwa. Iseme pia kwamba mdhamini akipatwa na hukumu inayomnyima haki ya kushika silaha, iwe kosa kubwa la jinai, iwe kumpiga mwenzi wake, siku hiyo hiyo udhamini wake umekoma wenyewe, bila kikao wala barua. Na isiwe kwamba wewe ndiye mdhamini peke yako na wewe huyo huyo ndiye mnufaika peke yako. Hapo hakuna amana, ni wewe na kivuli chako.

Kuhusu kuwajaza watu, mimi nina msimamo. Nimeona amana ya vijana wa klabu moja ya kulenga shabaha yenye wadhamini kumi na mmoja. Kila wanunuapo kitu kipya, watu kumi na mmoja watoe vidole, na mmoja akisafiri kazi imesimama. Halafu kila mmoja wao, kisheria, anaweza kuingia akachukua. Mdhamini si mgeni wa heshima. Ni mtu unayempa ufunguo. Sisi tuko wawili, mimi na mke wangu, na mdogo wangu aliyeko Houston tumemtaja kuwa mdhamini wa akiba atakayeingia tukiondoka sote. Shemeji yangu aliyeko Chicago aliumia nilipomwacha nje. Nilimpigia tukazungumza kwa kirefu: Illinois sailensa ni marufuku, siku ya msiba angeibeba kwenda nayo kwake kwa mapenzi tu ya kutunza mali ya dada yake, na angeishia pabaya. Alinielewa, ila ilichukua Idi mbili.

Jina la amana nalo lina kazi. Jirani mmoja gereji alitaka kutengeneza sailensa yake mwenyewe, jambo linaloruhusiwa kwa Fomu namba 1 ukiidhinishwa kwanza kabla hujatoboa hata tundu moja. Amana yake aliipa jina la ukoo mzima wa baba na mama, maneno saba. Anayetengeneza lazima achonge jina la mtengenezaji, yaani amana, na mji na jimbo, kwenye chuma, herufi zisipungue moja ya kumi na sita ya inchi. Nilimshikia taa wakati mchongaji akijaribu kuyapanga maneno saba kwenye bomba jembamba, mistari mitatu, herufi kama sisimizi. Yangu inaitwa kwa jina la kijiji chetu na neno amana, basi.

Na kuna uongo mmoja unaowaingiza watu jela, nao ni kwamba jimbo likisema ruksa basi ni ruksa. Kansas ilitunga sheria mwaka 2013 kwamba sailensa iliyotengenezwa na kubaki Kansas haiguswi na serikali kuu. Watu wawili waliiamini, mmoja akatengeneza na kuuza, mwingine, askari wa zamani, akanunua waziwazi kwa kuwa alidhani yuko ndani ya sheria. Wote walitiwa hatiani mahakama ya taifa, rufaa zikagonga mwamba, na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2019 ikakataa kuwasikiliza. Texas nayo ilipitisha ya namna hiyo 2021. Duka lenye akili halikuuzii kwa kutegemea hiyo.

Niliifungua amana 2022 na kununua sailensa ya pili kwa jina lake. Ile ya kwanza, ya 2017, ilibaki kwa jina langu, kwa sababu kuihamisha kutoka kwangu kwenda kwenye amana yangu mwenyewe kulihesabika kuwa inahama mkono, na kodi ni dola 200 nyingine. Mtoto alikuwa anaanza chuo. Nikanunua kisanduku kidogo chenye kufuli lake, ufunguo nikautia kwenye mnyororo wa funguo zangu, na kila nikisafiri nausafiri nao. Miaka mitatu na zaidi hivyo. Ilinikera kila mara nikipekuliwa uwanja wa ndege.

Kisha tarehe 4 Julai 2025 ikasainiwa ile sheria kubwa ya kodi na matumizi, na ndani yake kodi ya sailensa ikashushwa kutoka dola 200 hadi sifuri, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Bunduki za mashine zimebaki na 200 zao. Wengi wamesherehekea kana kwamba sailensa sasa zinauzwa kama betri. Kilichoondoka ni malipo tu. Daftari lipo, fomu ipo, vidole vipo, kungoja idhini kupo, na miaka kumi ya jela ipo. Wako waliokwenda mahakamani kudai kwamba sheria ya 1934 ilihalalishwa na Mahakama Kuu mwaka 1937 kwa hoja kwamba ni kodi, na kodi ikiwa sifuri basi usajili umebaki unaning'inia hewani. Ni hoja ya kusikilizwa. Lakini majaji hawajanikabidhi sefu yangu, na mimi sipangi maisha ya mke wangu juu ya kesi ambayo haijaisha.

Nilichofanya mimi ni kukaa naye mezani wiki ya pili ya Januari, tukajaza fomu ya kuihamisha ile ya kwanza. Sehemu ya anayetoa, jina langu. Sehemu ya anayepokea, jina la amana. Kiasi cha kodi, sifuri. Tukaenda tena kupiga vidole, na safari hii alikuja amejipaka losheni tangu usiku. Kidole gumba kikatoka mara ya kwanza.

Idhini ilipokuja niliufungua ule mnyororo nikautoa ufunguo wa kisanduku. Mama Rehema akaitoa sailensa, akaizungusha mkononi, akasema ni nzito kuliko alivyodhani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika tangu iingie nyumbani. Akaiweka kwenye sefu kubwa yeye mwenyewe, karibu na hati ya nyumba. Kisha akachukua karatasi, akaandika kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wake wa chuoni uliolala upande, akaibandika ndani ya mlango wa sefu ili yeyote atakayefungua aikute kabla ya kitu kingine:

"Hivi ni vya amana. Wadhamini ni Baba Rehema na Mama Rehema, tukiondoka ni Ba Mdogo wa Houston. Usiuze. Usimpe mtu ashike hata kwa siku moja. Hati iko bahasha ya kijani. Mpigie wakili kwanza, namba yake iko nyuma ya karatasi hii, ndipo uje ulie."